Bora kuliko wote? Kwanza tuambiwe 'wote' ni akina nani

Kwa muda sasa, mashabiki na waandishi wa michezo nchini Marekani wamekuwa wakivutana katika mjadala ambao haujapata mwamuzi. Je, Shohei Ohtani, Mjapani anayeichezea timu ya Los Angeles Dodgers, ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kucheza besiboli, au heshima hiyo ingali ya Babe Ruth aliyefariki mwaka 1948? Yamkini msomaji atauliza mhadhiri wa isimu anatafuta nini katika mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama. Jibu langu ni kwamba mjadala huu si wa mpira tu. Ni mjadala kuhusu maana ya neno 'wote'.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, besiboli ina undugu na kriketi. Mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiukosa mara tatu, ameondolewa. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hurejea nyumbani kifua mbele na bao mkononi. Kurusha na kupiga ni fani mbili tofauti, na katika ligi kuu ya Marekani mrushaji stadi hatarajiwi kuwa mpigaji stadi. Kuzimudu zote mbili ni sawa na mlinda lango wa kandanda kuwa pia mfungaji bora wa ligi nzima.

Hapo ndipo ulipo upekee wa Ohtani. Alizaliwa mwaka 1994 katika mkoa wa Iwate, akaingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2018. Mwaka 2021 alivusha mipira 46 nje ya ukuta na, akiwa mrushaji, akawaondoa wapigaji 156. Mwaka 2022 aliwaondoa 219. Mwaka 2024, akiwa hawezi kurusha kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, alivusha mipira 54 na kuiba vituo 59, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa katika msimu mmoja. Tarehe 17 Oktoba 2025, katika mechi moja ya mchujo dhidi ya Milwaukee, aliwaondoa wapigaji 10 bila kuruhusu bao na papo hapo akavusha mipira mitatu. Amechaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara nne, na mara zote nne kwa kura za wapigakura wote.

Ruth naye hakuwa mtu wa kubezwa. Alianza akiwa mrushaji wa Boston, na mwaka 1916 akashinda mechi 23 katika kazi hiyo. Mwaka 1919 alivusha mipira 29, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kwa msimu mmoja. Alipohamia New York mwaka 1920 akavusha 54, na mwaka 1927 akafikisha 60. Jumla yake ya 714 ilidumu hadi mwaka 1974, Hank Aaron alipoivuka. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa Ruth alizifanya kazi zote mbili kwa ukamilifu katika misimu miwili tu, 1918 na 1919. Baada ya hapo akawa mpigaji, na katika miaka yake yote ya New York alirusha katika mechi tano pekee.

Wahenga walinena kuwa mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini methali hiyo haitoshi kukata kesi hii. Katika riadha tunayo saa, na saa haijui karne. Besiboli haina kipimo cha namna hiyo, kwa maana mafanikio ya mpigaji hutegemea ni nani aliyemrushia mpira. Enzi za Ruth ligi kuu ilikuwa na timu 16, zote mashariki mwa nchi na katikati yake, na mechi zikichezwa mchana. Leo timu ni 30, na warushaji wanaorusha kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa si adimu tena.

Sasa niingie katika taaluma yangu. Baadhi ya lugha za Ulaya zina kiambishi kinachomwezesha msemaji kumwita mtu bora pasipo kumtaja anayelinganishwa naye. Kiswahili hakina kiambishi hicho. Ukisema 'bora zaidi', msikilizaji atauliza zaidi ya nani. Aghalabu husema 'bora kuliko', na neno hilo lina siri yake. Likichanganuliwa ni ku-li-ko, yaani mahali ambapo kitu fulani kiko. Ni kana kwamba sarufi yetu inadai kuwa, kabla ya kulinganisha watu wawili, uwaweke kwanza mahali pamoja. Nasi tukisema 'kuliko wote', tumedai kwamba wote walikuwapo uwanjani.

Je, walikuwapo? Hawakuwapo. Tangu mwaka 1884, Moses Fleetwood Walker alipoichezea Toledo, hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na jezi ya Brooklyn, milango ya ligi kuu ilifungwa kwa watu weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na makubaliano ya kimya ya wenye timu. Ruth aliichezea ligi hiyo kuanzia 1914 hadi 1935. Maana yake ni kwamba katika ligi hiyo hakuwahi kukabiliana na mrushaji mweusi hata mmoja. Kosa hilo si lake binafsi, lakini rekodi zake zimo ndani ya ua huo.

Waliofungiwa nje hawakukaa bure. Mwaka 1920, mwaka uleule Ruth alipoanza kuvuma New York, Rube Foster aliunda ligi ya kitaifa ya wachezaji weusi katika mji wa Kansas City. Humo walikuwamo watu waliorusha na kupiga kwa ustadi ule ule tunaoustaajabia leo kwa Ohtani, mathalan Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs na Martín Dihigo kutoka Kuba. Mwaka 2022, Ohtani aliposhinda mechi 10 akiwa mrushaji na kuvusha zaidi ya mipira 10, ilitangazwa kuwa jambo hilo lilifanywa mara ya mwisho na Ruth mwaka 1918. Si hivyo. Mwaka 1927 lilifanywa na Ed Rile wa Detroit Stars. Ila Rile alikuwa mweusi, na kwa miongo mingi hesabu yake haikuwa ikihesabiwa.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nao waliotunza vitabu vya rekodi waliivuta historia upande wao. Marekebisho yalikuja kwa kuchelewa. Desemba 2020, ligi kuu ilikubali kuwa ligi saba za wachezaji weusi zilizokuwapo kati ya mwaka 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu pia. Mei 2024, takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliingizwa kitabuni. Siku hiyo Josh Gibson, kwa wastani wa .372, akampita Ty Cobb mwenye .367, akawa wa kwanza katika historia. Katika kipimo cha nguvu za upigaji, akampita Ruth mwenyewe. Gibson hakuyaona hayo. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kufunguliwa mlango.

Wapo wanaopinga. Wanasema misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi na kumbukumbu zake zina mapengo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina usawa. Ufupi wa misimu ulitokana na ubaguzi uleule unaozungumziwa. Huwezi kumnyima mtu shamba kisha ukamlaumu kwa uchache wa mavuno yake. Aidha, mwaka 2020 kila timu ya ligi kuu iliratibiwa kucheza mechi 60 tu kwa sababu ya janga la Korona, na takwimu za mwaka huo zimo kitabuni bila manung'uniko.

Msimamo wangu basi ni huu. Katika kuunganisha kurusha na kupiga, Ohtani amempita Ruth, kwa kuwa ameifanya kazi hiyo kwa misimu mingi zaidi na mbele ya wapinzani kutoka mataifa mengi. Wakati wa Ruth hata Wajapani hawakuwamo. Wa kwanza wao, Masanori Murakami, aliingia mwaka 1964. Lakini kauli ya 'kuliko wote' siwezi kuitia sahihi. Rogan, Dihigo na Gibson hawakupewa nafasi ya kupimwa mahali pamoja na wenzao, na takwimu zilizorekebishwa haziwezi kuirudisha nafasi hiyo. Zinaweza tu kutuonyesha kwamba ilikuwapo.

Kwa walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii, funzo halihitaji gongo wala mpira. Kila orodha ya walio bora, iwe ya wachezaji, waandishi au watahiniwa, ina mlango, na mlangoni pana mtu aliyeamua nani aingie. Mwanafunzi akikuletea jina lililo juu kabisa ya orodha, mwulize pia majina ya waliobaki nje, na aliyewazuia ni nani. Asipoweza kujibu, orodha yake bado haijakamilika.