Mambo ya Nyumbani: Kufua Nguo Zilizotiwa Rangi kwa Mkono

Mara nyingi bibi hununua kitambaa kizuri cha batiki cha rangi ya nili, akakitia katika beseni moja na shati jeupe la bwana wake la kuvalia ofisini. Aliinuapo shati, limekuwa buluu.

Sababu yake ni hii: rangi iliyotiwa kwa mkono haishikwi yote na nyuzi za pamba. Nyingine hubaki juu juu, nayo hutoka katika maji ya kwanza. Wako wasemao kwamba chumvi au siki itaishikisha. Sivyo. Chumvi humfaa mtia rangi wakati wa kazi yake. Nguo ikiisha kutengenezwa, dawa ni kuiondoa rangi iliyozidi.

Basi, kwanza suuza nguo peke yake kwa maji baridi, ukiyabadili mpaka yatoke safi. Pili, ifue kwa sabuni isiyo kali. Usiilowekee usiku kucha, wala usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Tatu, igeuze, uianike kivulini, maana jua kali hupausha rangi.

Kabla ya kuichanganya na nyingine, bonyeza pindo lake bichi kwa kitambaa cheupe. Kikipata doa, endelea kuifua peke yake. Na shati likiisha kuingia rangi, usilianike; lifue tena papo hapo, kabla halijakauka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: maji ya beseni mbili tatu ni rahisi kuliko shati jipya.