Shahada ya Anthropolojia Isipimwe kwa Mtihani Pekee

Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ilinijia nilipomsindikiza mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja aliyefika kwetu Sigor, Kaunti ya Bomet, kukusanya habari za mradi wake wa shahada ya kwanza ya anthropolojia. Tuliketi uani kwa ajuza ambaye kijiji kizima humwita Kogo, yaani nyanya. Kijana akafungua hojaji yake, akauliza:

"Kogo, umeolewa, u mjane, au hujaolewa?"

"Mjukuu wangu, mimi nimeoa," Kogo akajibu huku akicheka.

Kijana alidhani ulimi umeteleza. Akatia alama penye neno "mjane", akaendelea na swali lililofuata.

Alama ile haikuwa ya uongo, kwani mume wa Kogo alifariki zamani. Lakini ilificha jambo kubwa. Kwa mila ya Wakipsigis, mwanamke asiye na mwana wa kiume aweza kutoa mahari, akaoa mwanamke mwenziwe, na watoto wazaliwao wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake ili boma lisikose mrithi. Mke wa Kogo ndiye aliyetuandalia chai siku hiyo.

Baadaye nilisikia kuwa mradi ule ulipata alama nzuri. Simlaumu kijana, maana alifanya alivyofunzwa. Swali langu nawaelekezea wahadhiri: je, alama hizo zilipima nini?

Katika vyuo vyetu vingi, mtihani wa mwisho wa muhula huchukua takriban alama 70 kwa 100. Mwanafunzi hueleza nadharia za Malinowski, akafafanua maana ya ukoo na mahari, akafaulu. Aweza hata kukariri kitabu alichochapisha Peristiany mwaka 1939 kuhusu Wakipsigis, kisha akapita mbele ya Kogo asimwone. Nadharia ni muhimu, sikatai. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski huyo huyo jijini London kabla ya kuchapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu mwaka 1938. Hata hivyo, kiini cha taaluma hii ni kusikiliza watu hadi swali ulilokwenda nalo libadilike, na mtihani wa saa chache ukumbini hauwezi kupima hilo.

Wala hili si suala la wasomi peke yao. Mwaka 2011, Mahakama Kuu mjini Mombasa ilitambua ndoa ya aina hii miongoni mwa Wanandi katika kesi ya urithi. Wahitimu wetu ndio watakaokuwa maafisa wa serikali za kaunti na wa mashirika yanayoandikisha familia kwa ajili ya misaada. Afisa asiye na nafasi ya Kogo katika fomu yake aweza kumnyima mke wa Kogo haki yake, na watoto wake shamba.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, daftari la nyanjani lisomwe na kupewa alama pamoja na ripoti, ili mhadhiri aone kilichosikika kabla hakijapambwa. Pili, mwanafunzi ahojiwe ana kwa ana na aulizwe: ni jambo gani uliloliamini ulipokwenda, ukarudi huliamini tena? Asiye na jibu huenda hakwenda kujifunza. Tatu, arudi na muhtasari kwa lugha wanayoielewa waliomhoji, wamwambie alipokosea, naye aandike masahihisho yao.

Najua wahadhiri watasema kwamba madarasa yamefurika, na kwamba nauli ya kurudi kijijini si haba. Ni kweli. Basi na tuanze na mradi mmoja wa mwaka wa mwisho, tupunguze kurasa zake, na sehemu ya alama za mtihani ihamishiwe huko. Afadhali kurasa 15 za mwanafunzi aliyesikia kuliko 60 za aliyenakili.

Nanyi wanafunzi, msingoje kanuni zibadilishwe. Mzee akikupa jibu lisilo na nafasi katika hojaji yako, weka kalamu chini umwombe aeleze. Kogo angali hai, na hadi leo hakuna aliyerudi kumuuliza alimaanisha nini.