Viwanja Vimelala, Bi Harusi Hana pa Kupanda Mchicha



Mfunguo mosi ukiingia, harusi zinafuatana hadi siku nyengine mtu ana kadi tatu mkononi na hajui aanzie wapi. Sanduku la bi harusi tunalijua vizuri: doti za kanga, udi, marashi, liwa, foronya zilizotariziwa, seti ya sahani ambayo nusu yake haitatoka kabatini mpaka wageni waje. Hakuna anayemtia mbegu. Na akishaingia nyumbani kwake, hakuna jirani anayemwambia, "Mwanangu, kile kipande kando ya ukuta wangu kiko wazi, panda mboga zako."

Sisi tunaona mambo haya mawili, mbegu na kipande cha ardhi, yarudi mikononi mwetu wanawake kama yalivyokuwa kwa mabibi zetu. Tena tunaona wenye viwanja vilivyolala wana deni kwa majirani zao, hata kama hakuna sheria itakayowadai.

Angalia kapu lako siku ukitoka Darajani au Mwanakwerekwe. Mchele mwingi umetoka nje ya nchi. Mbatata, karoti, kabichi na vitunguu vimetoka bara, vimepanda chombo. Tungule, ambayo hapa kwetu inakubali, mara nyingi nayo imevuka bahari, na ndiyo maana ukifika nyumbani unakuta za chini ya mfuko zimeshapondeka. Bahari ikichafuka siku mbili wakati wa kusi, sisi wapishi tunaijua bei kabla ya mtu mwengine yeyote. Ramadhani ndiyo usiseme. Na tunazidi kuwa wengi: sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773, katika visiwa visivyofika kilomita za mraba 2,700. Watu wanaongezeka na nyumba zinaongezeka, lakini ardhi ni ile ile.

Hatusemi uwani kutatoa mchele wa pilau. Mchele tutaendelea kununua. Tunasema mboga: mchicha, matembele, bamia, majani ya kunde, pilipili, kotmiri, bilingani, tungule chache za mchuzi. Mchicha ukimwagiwa maji vizuri unachumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hayahitaji hata mbegu, unachomeka kipande cha mmea ardhini, na jirani akija kuomba unakata chengine. Mboga hizi ndizo zinazokula pesa ya kila siku kidogo kidogo, mia tano hapa, elfu pale, mpaka mwisho wa mwezi mke na mume wanaulizana pesa imekwenda wapi.

Kuna kitu tulikuwa nacho na hatukukiita bustani. Nyumba nyingi za zamani uwani kulikuwa na mrehani, asumini, mkilua, mhina, mchaichai, na mronge karibu na jiko. Kikuba cha bi harusi kilifungwa kwa vilivyochumwa pale pale na nyumba za jirani. Mtu akiwa na kilua na mwenzake ana asumini, wanapelekeana. Hina ilitwangwa majani ya mti unaoujua. Leo tunanunua hina ya pakti, na mara nyengine ile nyeusi iliyotiwa rangi ya nywele, ikamtoa bi harusi malengelenge siku ya harusi yake. Mhina unakubali kwenye ardhi yetu na hauna makuu. Kwa nini usiwepo mmoja kila mtaa?

Basi tuseme mbegu kwanza.

Sura ya Al-Maun tunaisoma katika sala karibu kila siku kwa sababu ni fupi. Mwisho wake unawalaumu wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na wafasiri wengi wametaja mifano ya vyombo vya nyumbani anavyoazima jirani: chungu, ndoo, shoka. Mbegu haikai mbali na hivyo. Kiganja kimoja cha mbegu za mchicha hakikupunguzii kitu, na kwa mwenzako ni mboga ya miezi. Ukitoa unazidi kuwa na uhakika, maana zako zikiharibika unajua kwa kwenda kuomba.

Lakini si kila mbegu inafaa kuwekwa. Pakti za dukani nyingi zimeandikwa F1, yaani ni chotara. Mbegu hizo hazina ubaya, huzaa vizuri na wanaolima kwa biashara wanazitegemea. Ila ukitoa mbegu katika tunda lake ukapanda tena, watoto hawafanani na mama. Wengine watazaa, wengine watakuchekesha. Kwa hiyo za kupeana ziwe zile za asili, zinazojirudia mwaka hadi mwaka. Kunde, bamia, mchicha na tungule za kienyeji ndizo rahisi kuanza nazo. Boga na mumunye ziacheni kwa wenye uzoefu, kwa sababu nyuki hachagui mpaka wa jirani, na aina mbili za maboga zikikaa karibu zinachanganyika.

Kuzihifadhi hakuna siri. Bamia iache kwenye mti mpaka ikauke na kupasuka. Kunde vilevile. Mchicha ukate kichwa kilichokomaa, ukaushe kivulini, upukute juu ya ungo. Tungule iliyoiva sana ikamue mbegu pamoja na maji yake, iache ndani ya gilasi siku mbili tatu mpaka ule utelezi ulegee, osha, anika kwenye sahani (usianike juu ya karatasi, zitagandana). Kunde zichanganye na jivu kavu kuwazuia wale wadudu wanaotoboa. Kisha tia kwenye chupa inayofunga sawasawa na uandike mwaka. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, na mbegu iliyowekwa kwenye kikaratasi juu ya kabati haitaota. Mabibi zetu walikuwa wakiziweka juu ya jiko la kuni, moshi ukifanya kazi yake. Sisi wa jiko la gesi tunahitaji chupa.

Mbegu ndiyo sehemu nyepesi. Ardhi ndiyo yenye maneno.

Toka mjini kidogo uende Fuoni, Kisauni, au uelekee Tunguu, uangalie kushoto na kulia. Viwanja vimezungushiwa ukuta wa matofali au msingi umesimamishwa, halafu basi. Mwenyewe yuko Muscat, au London, au yuko hapa hapa anangoja pesa. Ndani kumeota magugu ya kufika kiunoni, mifuko ya plastiki, na nyoka wakitaka. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba. Nyumba ya pili kutoka hapo wamo wanandoa wapya kwenye vyumba viwili vya kupanga, uwani kwao hakutoshi hata kuanika nguo.

Wengi wetu tunakumbuka kusikia kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ziligaiwa eka tatu tatu. Eka hizo nyingi wajukuu wameshagawana, na nyengine zimekatwa viwanja zikauzwa. Hatulaumu, kila mtu na shida yake. Tunachosema ni kwamba ardhi iliyokuwa ikilisha sasa inangojea nyumba, na katika huko kungojea hakuna anayefaidika, hata mwenyewe.

Ukimuuliza mwenye kiwanja kwa nini haazimishi, jawabu ni moja: anaogopa. Tusilicheke jambo hili. Hapa kwetu mti na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwengine, akairithisha, akaiuza. Anayepanda mti wa kudumu ameweka mguu, na kumtoa ni kesi. Mwenye kiwanja aliye safarini anaogopa kurudi na kukuta miembe sita na mama wa watu anayesema, "Hii mimi nimeipanda kwa mkono wangu."

Lakini wazee wetu walishaijua hofu hii na walikuwa na dawa yake. Ardhi ya kuazima ilikuwa ya vipando vya muda mfupi tu: kunde, muhogo, mboga. Mnazi, mwembe na mkarafuu ni marufuku, na kila mtu mtaani alijua. Ukiazimwa hupandi mti, na ukipanda umevunja ahadi mbele ya watu. Ada hiyo haijafa huko mashamba. Imepotea kwetu sisi tuliohamia kwenye mitaa mipya ambako hatujui hata jina la mwenye ukuta wa jirani.

Tuirudishe, na safari hii tuiandike. Karatasi moja inatosha: kiwanja kilipo na mipaka yake, majina ya wawili, muda (tuseme msimu mmoja, kisha waangaliane tena), kwamba ni mboga tu na hakuna mti wa kudumu, maji nani analipa, na mwenyewe akitaka kujenga atatoa taarifa kwa muda gani. Mashahidi wawili, nakala moja kwa sheha. Na mazao yaliyomo siku taarifa inapotolewa yaachiwe mpaka yavunwe. Hili si upole wetu tu, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelizungumza katika mlango wa kuazima: aliyeazimwa ardhi ya kupanda mazao hang'olewi mazao yake kabla ya kukomaa.

Mboga anazopelekewa mwenye kiwanja ziwe zawadi, zisiwe sharti. Zikiwa sharti, hiyo si azima tena, ni mkataba mwengine wenye hukumu zake, na hapo muulizeni mwalimu wenu wa darsa kabla ya kuanza kuchimba.

Kuna Hadithi mashuhuri, imo kwa Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) anamuelekeza mwenye ardhi ailime mwenyewe au ampe ndugu yake ailime. Wanavyuoni wengi hawakuielewa kwamba kukodisha ni haramu, bali kwamba kumpa ndugu bila malipo ndiko kunakopendeza zaidi. Na ile nyengine tunayoisikia kila mara, ya kwamba Muislamu akipanda kisha akala mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake, tunaitumia sana kwenye mabango ya kupanda miti. Kwa bilingani haijatufikia bado, nalo ndege wanalila vilevile.

Sasa tugeukie kwetu wenyewe, maana ni rahisi kumnyoshea kidole mwanamme aliye Muscat. Wangapi katika sisi tuna sehemu ya urithi kwenye shamba la baba na hatujawahi kukanyaga? Sura ya An-Nisaa, aya ya saba, imetuhakikishia fungu, kubwa au dogo. Tumelinyamazia ili tusigombane na kaka zetu, au kwa sababu mume hapendi safari za shamba. Kunyamaza huko kuna bei. Usipotaka kulima, una haki ya kumwambia binti wa jirani wa shamba lile, "Lima katika sehemu yangu." Lakini kwanza lazima ijulikane kuwa ni sehemu yako, na iko wapi. Mazungumzo hayo na kaka yafanywe baba na mama wakiwa hai ikiwezekana, na kwa upole. Tunawajua dada waliongoja mpaka kiwanja kikauzwa.

Kuna wanaotuambia mboga zitaibiwa. Zitaibiwa, baadhi. Ndiyo maana shamba la wanawake wanne au watano ni bora kuliko la mmoja: kuna jicho asubuhi na jicho jioni, na akiugua au akijifungua mmoja, wengine wanamwagilia. Tena mwanamke mmoja hahitaji kwenda peke yake kuzungumza na mwenye kiwanja asiyemjua. Nendeni pamoja, au mpitie kwa mkewe.

Kuhusu maji, wanaoishi nyumba yenye mfereji wa kutawadhia nje wanayaona yakipotea mara tano kwa siku. Maji ya udhu hayana sabuni. Chimbeni kijitaro kiende kwenye matembele. Na mlioko maghorofani, Michenzani na kwengineko, ndoo iliyotobolewa chini inabeba pilipili na kotmiri bila taabu, ila tafadhali ifungwe, isimwangukie mtu.

Zimeanza pia zile pakti ndogo za mbegu zenye utepe wa dhahabu, wageni wanapewa wakitoka ukumbini badala ya peremende. Zinapendeza. Tunauliza tu: ni mbegu gani? Tumezikuta zenye maua ya nchi za baridi ambayo hapa hayaoni hata wiki mbili. Kama unataka kuwapa wageni mbegu, muombe bibi yako au somo wako, funga kunde kumi na tano kwa kila mtu, na uandike jina la mahali zilipotoka.

Masika huanza Machi. Anayetaka kuazima kiwanja azungumze na mwenyewe sasa, wakati magugu ni makavu na kufyeka ni rahisi. Kwa sanduku la bi harusi wa mfunguo mosi sisi tumeshapanga: chupa moja ya kunde, moja ya bamia, moja ya mchicha, na kopo lenye mche wa mrehani ulioshika mizizi. Mrehani usiutie sandukuni, ubebwe mkononi na wifi.