Leseni za bodaboda ziwafuate vijana vijijini

Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana, nalo ni hili la Serikali kuwakatisha leseni na kuwawekea masharti watu wanaobeba abiria kwa malipo. Wapo wanaosema Serikali ikae pembeni, kila mtu atafute riziki yake. Wapo wengine, hasa wakazi wa mijini, wanaotaka pikipiki za abiria zipigwe marufuku kabisa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, sina gari wala pikipiki, na sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Huku kwetu teksi ni bodaboda. Basi hupita mara moja alfajiri kwenda mjini na kurudi jioni, na masika yakikolea halipiti kabisa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, ni bodaboda inayomfikisha kituo cha afya. Mbolea inakuja kwa bodaboda, na hata mimi mwenyewe nikienda kufuata mshahara wangu benki napanda bodaboda. Anayetaka zipigwe marufuku hajawahi kuuguza mgonjwa kijijini wakati wa mvua.

Lakini hebu wasomaji wasikilize na upande wa pili. Masika iliyopita pikipiki moja iliyowabeba watoto watatu wa shule yetu kwa mtindo ule wa mishikaki iliteleza kwenye matope ya mteremko. Mtoto mmoja wa Darasa la Tatu akavunjika mguu. Kijana aliyekuwa akiendesha hakuwa na leseni ya udereva, na kwa hofu akakimbia kijiji. Pikipiki yenyewe haikuwa yake. Alikuwa akipeleka hesabu kila jioni kwa mwenzake, ambaye naye alikuwa ameichukua kwa mkataba kutoka kwa mwenye mali anayekaa mjini. Bima ilikuwa imekwisha muda wake. Baba wa mtoto alipokwenda kwa yule mwenye mkataba akaambiwa amfuate tajiri. Tajiri akasema yeye alishaikabidhi pikipiki na hajui nani anaiendesha. Mwisho baba huyo akauza mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa chakula cha nyumbani. Mtoto alirudi darasani baada ya miezi minne, na hadi leo wakati wa mchakamchaka anakaa chini ya mwembe akiwatazama wenzake.

Ndugu Mhariri, kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya leseni: ajulikane nani ameendesha, chombo ni cha nani, na nani atalipa likitokea la kutokea. Abiria wa mjini anaweza kupiga picha namba ya gari na kwenda kituo cha polisi. Mtoto wa miaka tisa hawezi. Anapanda kwa sababu baba amemwambia panda.

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Bima kwa ajili ya watu wengine barabarani ni ya lazima. Kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo imekuwa chini ya LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Tatizo ni umbali. Kijana wa huku akitaka leseni inambidi apate kwanza mafunzo, namba ya mlipa kodi, majaribio ya polisi, na yote hayo yako mjini. Akienda leo anaambiwa njoo kesho, na kesho mtandao haupo. Kila siku anayoipoteza, hesabu ya mwenye pikipiki inamngoja palepale.

Basi kijana anapiga hesabu yake, na hesabu hiyo nadhani tulimfundisha sisi walimu. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Jambo hilo silaumu hata kidogo, maana shilingi 30,000 ilikuwa ikimwacha kijana mikono mitupu. Lakini matokeo yake ni kwamba kulipa faini mara mojamoja ni rahisi kuliko kufunga safari tatu za kutafuta leseni. Na faini hata ikilipwa mara kumi haijamfundisha mtu kushika breki kwenye utelezi.

Wale wanaosema Serikali isijihusishe kabisa ningewaomba watazame kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafirishaji. Nia ilikuwa njema, kumsaidia mwananchi mdogo. Ulipofika mwaka 2004, Waziri John Michuki alipozilazimisha ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, magari mengi yalitolewa barabarani na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Mazoea ya miaka mingi yana gharama kuyaondoa.

Hata hivyo na sisi tunayo historia yetu. UDA ilipoundwa mwaka 1974 ilitakiwa ibebe watu wa Dar es Salaam yenyewe, na ikashindwa. Magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha mpaka mwaka 1983 Serikali ilipoyaruhusu, ndiyo hizi daladala. Kwa hiyo naomba leseni zisigeuzwe kisingizio cha kupunguza idadi ya pikipiki. Atakayetimiza masharti apewe, hata wakiwa mia. Wakipunguzwa, atakayeumia ni yule mama wa usiku wa manane, kwani nauli itapanda na hatakuwa na wa kumbembeleza.

Nakumbuka mwaka 2022 magazeti yalivyojaa habari za LATRA kuvutana na kampuni za teksi za mtandao juu ya kamisheni, hata Uber ikasimamisha huduma kwa miezi kadhaa. Lilikuwa jambo la haki, madereva wale nao wana watoto. Lakini sisi huku tulikuwa tukisoma kama habari za nchi nyingine.

Ninachoomba ni kwamba wanaohusika watoke ofisini. Trafiki, LATRA na watu wa bima waje pamoja katika kila kata mara mbili kwa mwaka, wakae siku tatu au nne, wafundishe, wapime na kutoa leseni papo hapo. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji iwe na daftari la kila kijiwe: jina la dereva, namba ya pikipiki, jina la mwenye mali na tarehe ya bima kwisha. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982. Zikataze mishikaki ya watoto wa shule, na mwenye pikipiki atozwe faini pamoja na dereva wake. Akiguswa tajiri, utaona bima hazitachelewa tena kulipiwa.

Kama shida ni mahali pa kufundishia, madarasa yetu yako wazi mwezi wa Juni na Desemba. Ubao upo, madawati yapo, na chaki nitatoa mimi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilosa,
MOROGORO.