Karatasi ya leta haiponyi mguu

Himbi, tarehe 23 Novemba 2024



Leo ni siku moja ambayo watu wachache wanaikumbuka. Tarehe 23 Novemba 1966, miaka 58 imepita, Mobutu alitia sahihi ordonansi iliyozaa SONAS, sosiete ya leta ya bima. Mwaka uliofuata, 1967, sheria ikafunga kazi yote ya bima katika mkono huo mmoja. Masosiete ya watu binafsi yaliyokuwa yanauza asiransi katika Kongo, mengi yakiwa ya Wabelgiji na wageni wengine, yakaambiwa: imekwisha. Tangu pale, ukiwa na gari Goma, Bukavu, Lubumbashi au Kinshasa, mlango ukawa mmoja tu.

Kesho, tarehe 24 Novemba, ni siku ambayo kila mtu wa Goma anaikumbuka. Itakuwa miaka 5 tangu ndege ndogo ya kwenda Beni ianguke Mapendo, juu ya nyumba za watu, dakika chache baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa, na kati yao kuna waliokuwa wamekaa kwao tu, hawakununua tikiti yoyote.

Tunaweka hizi siku mbili pamoja kwa makusudi, na tutasema sababu.

Tangu mashua iliyotoka Minova izame Kituku tarehe 3 Oktoba, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanasubiri ndugu zao bandarini, katika mikutano yetu neno moja linarudi. Vijana wanasimama, wanasema: «Leta ichukue masosiete ya bima yote. Yanakula franga zetu, na mutu akikufa hayaonekane. Yawe ya raia!» Watu wanapiga makofi. Tunaelewa hasira hiyo, tuko nayo sisi pia. Lakini jibu letu ni hapana, na tutalisema wazi hata kama halitapendeza.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Motari mmoja wa avenyu yetu hapa Himbi aligongwa na gari kwenye barabara ya kwenda Keshero. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Gari lilikuwa na asiransi, na karatasi ilikuwa bandikwa kwenye kioo, tena mpya. Familia ikafurahi, ikasema angalau hospitali italipwa. Wakaenda kwa ile sosiete ya bima. «Leteni ripoti ya polisi.» Wakaleta, na polisi nao walitaka kitu kwanza. «Leteni karatasi ya daktari.» Wakaleta. «Leteni risiti zote, tena za mwanzo, si fotokopi.» Wakaleta. «Sasa dosie imeenda Kinshasa, ngojeni.» Wakangoja. Mama akauza mashine yake ya kushona. Kisha akauza nusu ya parsele. Leo kijana anatembea na fimbo, pikipiki iliuzwa kitambo, na dosie bado iko Kinshasa.

Jina la sosiete hatulitaji, na kwa hoja yetu si lazima. Jiulize tu: kama ile sosiete ni ya leta, mguu unapona? Kama ni ya mtu binafsi, mama anarudishiwa mashine yake? Mwenye sosiete anaweza kuwa huyu au yule, na yule anayesema «ngojeni» akabaki yuleyule.

Tuwe wa haki kwa wazee wa 1966, kwa sababu wazo lao halikuwa la upumbavu. Bima ni nini? Watu 1.000 wanatoa kidogo kila mmoja, ili yule mmoja atakayeanguka mwaka huu asianguke peke yake. Kwa hiyo kila mwaka pesa nyingi zinakusanywa kabla ya kulipwa, na kati ya siku ya kukusanya na siku ya kulipa zinakaa mahali. Zinajenga majumba, zinakopeshwa, zinazaa. Wakati wa mkoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, mahali hapo palikuwa mbali: Brussels na miji mingine ya Ulaya. Mtu wa Kongo alitoa, mji wa wengine ukajengwa. Kusema «hizi pesa zibaki kwetu» lilikuwa neno la haki. Ni miezi ileile ambayo leta ilishika ardhi kwa sheria ya Bakajika ya Juni 1966, na Januari 1967 ikanyang'anya Union Minière shaba ya Katanga. Nchi nzima ilisikia tamu mdomoni.

Lakini angalia namna ilivyofanyika. Sheria ile ilikuwa ordonansi: rais anaandika, rais anatia sahihi. Raia hakuulizwa. Tena, na hapa ndipo mchezo wote ulipo, mali ilihama kutoka mfuko wa mgeni kwenda mfuko wa mkubwa, na raia hakupewa ufunguo. Hakupewa haki ya kuona hesabu, wala siku ya mwisho ya kulipwa, wala mahali pa kushtaki bila kusafiri kilomita zaidi ya 1.500 mpaka Kinshasa. Alipewa bendera na wimbo.

Mwaka 1973, sheria ya tarehe 5 Januari ikalazimisha kila mwenye gari kuwa na bima. Sheria hiyo kwa maana yake ni nzuri, inalinda yule anayegongwa. Mamotari, sikieni vizuri, kwa sababu wengi wetu tunadanganyika hapa: ile asiransi ya lazima haikulindi wewe mwenye kuendesha. Inamlinda yule utakayemuumiza. Wewe mwenyewe unahitaji nyingine. Ni nani aliwahi kukueleza hivyo siku uliponunua?

Sasa weka sheria mbili pamoja. Ya kwanza ilisema: duka ni moja tu. Ya pili inasema: ni lazima ununue. Mwenye duka ambaye mteja wake analetwa na polisi, atajisumbua kwa ajili gani? Ndiyo maana katika nchi hii neno asiransi halimkumbushi mtu msaada. Linamkumbusha baryeri. Uliza mtoto yeyote wa Goma asiransi ni nini. Atakuambia: ni ile karatasi ya kuonyesha polisi wa rulaje pale Signers ili akuache upite. Watu wa miaka 50 na zaidi wamezeeka wakijua hivyo tu.

Na kuchelewa si usumbufu tu, ni wizi wa kimya. Oktoba 1993 leta ilibadilisha pesa: zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire 1 mpya. Aliyekuwa na dosie ya malipo inayongoja tangu miaka ya nyuma, hata kama siku moja aliitwa na akahesabiwa haki yake yote kama ilivyoandikwa, alipokea nini? Labda bei ya ndizi. Hapakuhitajika mtu wa kumuibia, foleni ilitosha. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Tuongeze: kulipa leo, si kesho kutwa.

Wengine watasema: «Ile ilikuwa Mobutu. Na kiongozi safi ingekuwa tofauti.» Basi tuvuke tuangalie Tanzania, kwa sababu mwaka ni uleule. Februari 1967, Nyerere alitangaza Azimio la Arusha, na siku chache baadaye mabenki na kazi ya bima vikaingia mikononi mwa serikali. Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963, likawa la serikali kabisa na likabaki peke yake sokoni. Nyerere hakuwa Mobutu, hakujenga Gbadolite. Na bado, mwaka 1996, Tanzania wenyewe walitunga sheria ya kufungua soko tena. Hawakuua shirika lao. Waliliacha lishindane na wengine. Hatusemi kwao kila kitu ni sawa. Tunasema kwamba hata pale ambapo kiongozi aliheshimika, mlango mmoja haukutosha.

Sisi tulichelewa miaka 19 kuliko wao. Sheria ya bima ya Kongo ilitoka tarehe 17 Machi 2015. Ikavunja mlango mmoja, ikaweka mamlaka ya kusimamia bima, ARCA, na kuanzia 2019 masosiete ya watu binafsi yakapata ruhusa ya kufanya kazi. SONAS bado iko, na bado ni ya leta. Leo unaweza kuchagua.

Je, tupige makofi kwa sababu ya hapo? Hapana, kamarade. Hatukukataa bosi wa leta ili tumbusu mkono bosi wa sosiete. Biashara inaenda kwenye faida. Itaweka ofisi nzuri yenye viyoyozi, itabisha kwa mashirika ya wageni na kwa wenye ma-jeep. Haitabisha kwenye hema ya aliyekimbia vita. Haitamtafuta mama wa samaki anayepanda mashua Kituku saa kumi na moja asubuhi. Nani kati yetu alikuwa na bima ya nyumba tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani? Nani alikuwa nayo tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ilirudi na kumeza mitaa ya kule Buhene? Tulijenga tena kwa mikono yetu, juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto. Hatukuona leta na hatukuona sosiete.

Kwa hiyo mabishano ya «iwe ya leta au iwe ya watu binafsi» ni mabishano ambayo wakubwa wanayapenda sana. Yanabadilisha jina juu ya mlango, na wao wanabaki ndani. Swali la raia ni lingine: nani analipa, lini, na nani anamlazimisha?

Tena tuseme kwa wale wanaotaka leta inyang'anye yote leo: mnampa nani? Ni leta ileile ambayo hamuiamini kuweka taa kwenye bandari. Ni leta ileile ambayo baada ya mashua kuzama haikuwa na orodha ya waliopanda, watu wakahesabiwa kwa vilio vya familia. Kitu cha leta, katika mdomo wa mtu wa Goma, maana yake ni kitu kisicho na mwenyewe, kila mwenye nguvu anakata kipande chake. Siku tutakapoifanya leta iwe yetu kweli, njooni tuzungumze tena. Kabla ya pale, kumpa mwizi ufunguo wa pili si mapinduzi.

Tunachodai ni hiki.

Moja. Kila sosiete ya bima inayofanya kazi Goma, SONAS ikiwa ya kwanza, itangaze kila mwaka kwa raia: imekusanya kiasi gani Kivu ya Kaskazini, imelipa wahanga wangapi, na dosie ngapi zinangoja. Ibandike mlangoni pake kwa Kiswahili.

Mbili. Muhanga alipwe kwa siku zilizohesabiwa, na kila siku ya kuchelewa iongeze deni. Dosie ya Goma iamuliwe Goma. Mtu mwenye mguu uliovunjika hatembei mpaka Kinshasa.

Tatu. Mashua isitoke Minova wala Kituku, na ndege isiruke Goma, bila orodha ya abiria na jina la sosiete iliyoikatia bima kuandikwa mahali ambapo kila abiria anaona. Na wale ambao ndege inawaangukia nyumbani kwao wahesabiwe pia. Familia za Mapendo zina haki ya kujua ni nani alitakiwa kulipa nini.

Nne. ARCA ije Goma ipokee malalamiko yetu. Mwangalizi anayekaa mbali na kidonda haoni usaha.

Na kwetu sisi wenyewe. Ukinunua asiransi, uliza maneno mawili: inalinda nani, na inalipa kwa siku ngapi? Omba kontra, soma, piga picha. Ajali ikitokea kwenu, usimuache mama peke yake mbele ya dirisha la ofisi. Tuite. Tutaenda watu 10, kwa utulivu, mikono mitupu, tutakaa kwenye benchi na kungoja pamoja naye, leo, kesho na kesho kutwa. Tumeona mara nyingi: dosie iliyolala mwaka mzima inaamka pale vijana 10 wanapokaa kimya kwenye korido.

Kesho asubuhi tutakuwa Mapendo na familia. Njooni bila makelele na bila bendera, njooni na ua moja moja. Jumatatu tunaanza kuandika dosie zinazongoja katika Himbi, nyumba kwa nyumba. Ukiwa na moja, hata ya miaka 10, hata ya marehemu, itoe sandukuni. Karatasi hiyo bado ni deni.

Vijana wa Himbi