Mugonjwa wa sukari naye ana haki ya kitu kitamu

Leo ninataka tuzungumuze juu ya jambo ambalo wengi wataona kuwa ni dogo: gato ya mutu anayefuata rejime. Hapa Fungurume, munganga akimuambia mutu kwamba ana ugonjwa wa sukari, neno ambalo familia inasikia ni "usikule". Usikule sukari, usikule benye, usikunywe sukre, punguza bukari. Munganga ana haki ya kusema vile. Lakini mama wa nyumba akirudi, anabaki na ulizo moja: sasa nipike nini? Maoni yangu ni haya: rejime inayohesabu tu vitu vilivyokatazwa haidumu. Ile inayomupatia mugonjwa kitu cha kula pamoja na wengine, hiyo inaweza kudumu miaka.

Tunajuana huku kwetu. Kwenye kilio, ndoa, ubatizo ao sikukuu ya watoto wa shule, sahani inapita, na sukre inafuata. Mutu akikataa, wanaanza kunongona: anajivuna, ao anaogopa kuwekewa sumu. Basi anakula ili asionekane mubaya. Wengine wanaficha ugonjwa hata kwa jamaa yao. Lakini ugonjwa wenyewe haulali. Unaharibu macho, figo na mishipa ya miguu polepole, bila kupiga kelele. Kidonda kidogo ku kidole cha muguu, ambacho mugonjwa hasikii hata maumivu yake, kinaweza kumufikisha kwenye kukatwa muguu. Kwa baba anayetumika kwenye mugodi, ao mama anayetembeza bidhaa kando ya barabara ya Likasi na Kolwezi, kupoteza muguu ni kupoteza chakula cha nyumba nzima.

Rejime kali si jambo la jana. Mbele insulini igunduliwe, munganga Frederick Allen wa New York alikuwa anawapunguzia wagonjwa chakula mupaka kiasi cha njaa, kwa sababu hakukuwa dawa ingine. Watoto walibaki mifupa mitupu. Walisukuma siku tu. Mu mwaka wa 1921, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mutu wa kwanza kutunzwa nayo. Ndiyo sababu siku ya dunia ya ugonjwa wa sukari ni tarehe 14 Novemba, siku ambayo Banting alizaliwa. Leo kuna dawa, lakini sahani ingali nusu ya matunzo. Na sahani hiyo inapaswa kuwa ya mutu anayetaka kuishi, si ya mutu anayengojea kufa.

Tuanze na kuelewa adui. Wengi wanafikiri sukari ni ile nyeupe peke yake. Hapana. Wanga wote unageuka sukari mu damu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu gramu 75 za wanga, na unga wa muhogo unapita 80. Kipande cha mukate mweupe cha gramu 50 kina karibu gramu 25. Chupa ya kola ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko vidogo karibu 8. Mu mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ingekuwa vizuri mutu mukubwa asipite karibu gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Sukre moja tu imekwisha kupita.

Na asali? Kuna wale wanaosema asali ni dawa, kwa hiyo haina shida. Gramu 100 za asali zina karibu gramu 80 za sukari. Nyuki hatuulizi kama tuko kwenye rejime. Munkoyo pia, hata kama ni kinywaji cha babu zetu, unatoka kwa mahindi, na wengi wanaongeza sukari ndani. Ni wa kupima, si wa kunywa kopo kwa kopo.

Sasa tuingie sokoni. Vitabu vya mapishi vya Ulaya vinasema utafute unga wa lozi na jibini. Nani atavipata hapa, na kwa feza gani? Lakini kila siku mama zetu wanauzisha karanga, mayai, avoka na malimau. Gramu 100 za karanga zina karibu gramu 16 tu za wanga, na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Avoka ina karibu gramu 9, na sehemu kubwa yake ni nyuzinyuzi pia. Yai halina hata gramu moja. Vitu hivi tunavyo. Tumezoea tu kuviona kama vya mboga ao vya kutafuna njiani.

Gato ya karanga inafanywa hivi. Kaanga gramu 250 za karanga, karibu vikombe viwili, toa maganda, kisha twanga mu kinu mupaka ziwe unga. Usitwange sana, mafuta yatatoka. Piga mayai 4 mupaka povu ipande. Changa na unga wa karanga, kijiko kidogo cha levire, chumvi kidogo, ganda la limau lililokwaruzwa, na kanele kama unayo. Mimina mu sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Weka muchanga chini ya sufuria kubwa, ipashe moto kwenye mbabula, tia ile ndogo ndani, funika, na upange makala ya moto juu ya mufuniko. Kisha karibu dakika 35 ingiza kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Kata vipande 10. Kila kipande kina karibu gramu 4 za wanga. Linganisha na ule mukate mweupe.

Haina utamu wa sukari, ni kweli. Lakini ulimi unajifunza. Kisha majuma machache bila sukari mingi, karanga yenyewe inaanza kuwa tamu. Mwenye kutaka haraka aponde avoka yenye kuiva na maji ya limau na kijiko kimoja cha karanga ya kusaga, ni tayari. Na tusisahau kikanda: Katanga na Zambia yote inajua mukate ule wa karanga na mizizi ya porini, hauna sukari, na bado watu wanaupanga mustari kuununua. Ni alama kwamba tunaweza kupenda kitu bila kukitilia sukari. Mizizi ile pia ina wanga, kwa hiyo mugonjwa achukue kipande, si sahani.

Sasa maonyo, na ninaomba yasomwe vizuri. La kwanza: mutu anayetumia insulini ao vidonge kama glibenklamide asipunguze wanga kwa ghafula bila kuongea na munganga wake. Dawa ikibaki ileile na chakula kikipungua, sukari inaweza kushuka chini ya 70. Hapo mutu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaweza hata kuzimia. Saa hiyo anahitaji sukari ya haraka, si gato ya karanga. La pili: karanga zenye ukungu zitupwe, kwa sababu zina sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi. La tatu: karanga zina mafuta mingi. Kipande kimoja, viwili, inatosha.

Ninajua kuna ndugu atauliza: watu wanatafuta bukari ya kushibisha watoto, na wewe unaleta habari za gato? Ulizo ni la haki. Lakini ugonjwa huu si wa wakubwa peke yao, na masikini ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa hana feza ya dawa ya kila mwezi wala ya kidonda kisichopona. Karanga na mayai haya si anasa. Feza ya sukre mbili tatu za sikukuu inaweza kununua sehemu ya vitu vya gato hii, na familia yote ikakula sahani moja, bila mugonjwa kutengwa kwenye kona na maji yake.

Kwa hiyo ninatoa maombi matatu. Mama wanaouzisha benye asubuhi wajaribu kuweka kando ya beseni karanga za kukaanga bila sukari na mayai ya kuchemusha, wateja wako. Vikundi vya mama vya makanisa, ninyi munaopika kwenye ndoa na vilio vyetu, muweke meza moja isiyo na sukari, bila kuandika juu yake "ya wagonjwa", ili kila mutu aichukue bila haya. Na wanganga wetu, munapotoa karatasi ya rejime, muandike juu yake majina ya vitu vya soko letu, kwa Kiswahili ambacho mama anasoma.

Kwenye nyumba yako kama kuna mutu wa rejime, usimuambie tu "usikule". Juma hili, mutwangie karanga.