Masizi ya Vali Yasikatwe Mshaharani



Katika mashamba ya chai hapa Uganda, mnyapara, tarishi na karani wa kupima majani mara nyingi hupewa pikipiki ya kampuni. Ikianza kukosa nguvu mlimani na kusumbua kuwaka asubuhi, fundi hufungua kichwa cha silinda akakuta vali zimejaa masizi meusi, magumu kama lami iliyokauka. Ofisini huandikwa neno moja tu: uzembe. Mwisho wa mwezi fedha ya dereva inakatwa. Sisi tunasema makato hayo si halali, na anayeyaandika aghalabu hajawahi kushika spana.

Masizi ni mabaki ya petroli na oili isiyoungua vizuri. Oili hupenya kwa sababu ringi zimelika, au vijimpira vya vali vimekauka. Filta ya hewa ikijaa vumbi, petroli inazidi hewa. Na safari fupi za polepole, simama-twende, haziipi injini joto la kutosha. Basi tuulize: nani hununua filta? Nani huamua siku ya kubadilisha oili? Nani huwatuma watu kutambaa kati ya mistari ya chai kwa gia ya kwanza kutwa nzima?

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara ukatwe tu kwa masharti ya sheria, mapatano ya chama na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi. Kwa majirani, sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu kukata kwa ajili ya mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Ile ya Tanzania ya 2004 inataka kosa liwe la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nani hutia masizi kwa makusudi?

Fundi naye ni mwenzetu. Kusafisha vali si kazi ya saa ya chakula. Lazima avue kichwa, abane springi, atoe vali na kukumbuka kila moja ilikotoka. Masizi hukwanguliwa kwa kipande cha mti au shaba laini. Kisu kikigusa ukingo unaokaa kwenye kiti cha vali, kitaacha mkwaruzo, moto utavuja hapo na vali itaungua. Kisha asage kwa dawa ya kusagia, aoshe dawa yote, afunge vali na kumimina mafuta ya taa kwenye tundu lake. Yakivuja, arudie. Gaskiti iwe mpya, na nafasi za vali zipimwe.

Lakini stoo ikinyima mafuta ya taa, fundi huosha kwa petroli, mikono mitupu. Petroli ina benzeni, sumu inayoleta saratani ya damu. Glavu na miwani ni bei ndogo kuliko pikipiki moja.

Katika mazungumzo yajayo tutadai kila pikipiki iwe na daftari la matengenezo, lenye tarehe za oili na filta. Kwa sasa, dereva ukiona moshi wa bluu, toa taarifa siku hiyo hiyo, andika tarehe kwenye daftari lako, na mwombe mtunza stoo atie sahihi. Akikataa, andika kuwa amekataa, na umwonyeshe mjumbe wa tawi.